Namna ya Kumwacha Kuku Altareni

Katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, aya ya 23 na 24, Yesu anatoa agizo gumu kuliko mengi tunayoyaogopa. Ukifika altareni na sadaka yako, kisha ukakumbuka kwamba ndugu yako ana kinyongo nawe, usiendelee. Iweke chini, nenda mkapatane, ndipo urudi uitoe. Tunalisikia agizo hili Osukuru, tunalisikia Malaba na Busia, huku kwetu mpakani mwa Uganda na Kenya, kisha kwaya inaanzisha wimbo wa matoleo na wote tunapanga foleni. Sijawahi kuona mtu akigeuka. Naamini tunashindwa kwa sababu hakuna aliyetufundisha utaratibu, basi utaratibu ndio huu.

Tuanze na kuku, maana vijijini kwetu sadaka mara nyingi ndiye huyo. Bahasha hukaa ilipowekwa, kuku hakai. Mfunge miguu vizuri tangu nyumbani, kwa kamba ya katani, ukijua huenda ukamwacha. Ukimkumbuka ndugu yako ukiwa katikati ya maandamano, usimkabidhi kuku mtoto. Mpe katekista au mzee wa kanisa, mwambie kwa sauti ya chini, “Narudi,” halafu utoke kwa mlango wa pembeni. Padre hatakasirika. Akikasirika, mwonyeshe aya.

Sasa, hakikisha umemkumbuka mtu anayehusika. Hapa wengi hupotea. Maandiko hayasemi umtafute aliyekukosea wewe. Huyo tunamkumbuka bila msaada wa Injili. Yanasema yule mwenye neno juu yako. Ni jirani ambaye alama ya shamba lake ilisogea kidogo kila msimu wa kulima. Ni dada uliyeshika fedha zake za kikundi ukasema utarudisha baada ya mavuno. Ni mdogo wako aliyesikia kutoka kwa watu baki kwamba fidia ya ardhi imelipwa. Vilima vya Sukulu, hapa kwetu Osukuru, vina fosfeti, na ardhi ilipotwaliwa kwa ajili ya mradi wake, fedha iliingia katika nyumba ambazo hati na mipaka vilikuwa kichwani mwa mzee mmoja tu. Anayejua familia zetu anajua swali lililofuata.

Utasema ni mbali. Wasikilizaji wa kwanza wa maneno hayo walikuwa Galilaya, na altare ya sadaka ilikuwa moja tu, Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yesu alikuwa anamwambia mkulima wa Galilaya amwache mnyama wake hekaluni, atembee zaidi ya kilomita 100 hadi kwao, apatane, kisha apande tena. Wewe una bodaboda nje ya geti la kanisa. Hata ndugu yako akiwa upande wa Kenya, huna udhuru: mpaka uliokata jamii ya Iteso ulichorwa na Waingereza mwaka 1902, na kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa 2018 ili watu na mizigo wavuke upesi. Wewe ni wa Jimbo Kuu la Tororo, yeye ni wa Jimbo la Bungoma. Injili ni ileile.

Kama unaona aibu kutoka katikati ya Misa, anza Jumatatu. Huu si ubunifu wangu. Kitabu cha mafundisho kiitwacho Didaskalia, kilichoandikwa Siria katika karne ya 3, kinawaagiza maaskofu wasikilize magomvi ya waumini siku ya Jumatatu, ili hadi Jumapili pawe na muda wa kuyamaliza. Natamani kila jumuiya ndogo ndogo ingefanya hivyo. Na majirani zetu wa Kongo, katika Misa ya utaratibu wa Zaire ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, huungama na kutakiana amani baada ya homilia, kabla ya vipaji kupelekwa. Sisi hupeana mikono baadaye, kuku akiwa ameshapokelewa, na mara nyingi tunampa mkono yule aliyeketi karibu ambaye hatuna neno naye hata kidogo.

Njiani usisimame kumweleza mtu unakokwenda. Sura ya 18 ya Mathayo inasema jambo la ndugu wawili lianze kati ya hao wawili peke yao; shahidi mmoja au wawili huja baadaye, na Kanisa huja mwisho. Tabia yetu ya kuanzia mwisho, kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya au kwa maombi ya hadhara ya “kumwombea ndugu yetu fulani”, imevunja undugu mwingi kuliko wizi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa hatukupewa sala ili tusengenyane ndani yake.

Ukifika, msalimie kwa lugha ya nyumba yake, iwe Kiteso, Kisamia au Kidhopadhola. Kisha taja kosa. Usiseme, “Kama kuna mahali nilikukosea.” Hiyo “kama” inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Sema, “Mama, nilisogeza alama ya shamba. Nimekuja turudishe,” na uwe umekuja na jembe. Deni lipewe tarehe. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akikukaribisha kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya kienyeji, na kukupa mrija, usitafute sababu ya kuondoka mapema kwa kuwa Misa inakwisha. Kuketi pamoja mkikizunguka chungu kimoja ni jibu lake.

Lakini huenda akakataa. Rudi na mtu mmoja au wawili anaowaheshimu yeye, si wa upande wako. Akikataa tena, ndipo jambo lifike kanisani; na akikataa hata hapo, Yesu anasema awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengi wetu hufurahi kufika hapa, tukidhani sasa tumeruhusiwa kumfuta. Sisi tunaoishi na maofisa wa forodha Malaba na Busia tulipaswa kusoma kwa makini zaidi. Mathayo mwenyewe alikuwa mtoza ushuru. Katika sura ya 9, Yesu anamkuta ameketi kwenye kituo chake cha kazi, anamwita, kisha wanakula pamoja nyumbani, na watoza ushuru wengine wamejaa mezani. Hivyo ndivyo Bwana alivyowatendea.

Kwa hiyo akikataa mara ya tatu, mwalike chakula. Kuku aliye kwa katekista ni wa Kanisa, chinja mwingine.