Kicheko Hakiwekwi Akiba

Mchekeshaji anayerudi jukwaani baada ya miaka ya kukaa kando haaibiki mwishoni mwa onyesho. Aibu humkuta mapema, kwenye sentensi ya tatu, pale pale alipozoea watu waangue kicheko, na sasa kinachosikika ni chupa inayofunguliwa huko kaunta na mtu anayekohoa bila sababu. Mwimbaji akikosea, gitaa litamfunika. Mchekeshaji hana gitaa. Watu wa Lubumbashi, kwa huruma zao, watasema amesahau kazi. Mimi nashikilia kwamba hajasahau lolote. Kazi ile hakuwa nayo peke yake: nusu yake ilikuwa kwenye viti, na waliokaa kwenye viti hawakumngoja.

Tuangalie kwanza kicheko kinavyotokea, maana kinastaajabisha kuliko utani wenyewe. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za dunia, wakakuta kwamba kati ya swali na jibu hupita, kwa wastani, kama sehemu ya tano ya sekunde. Muda huo hautoshi kusikia, kufikiri na kujibu. Anayejibu ameanza kujiandaa mwenzake angali anasema. Maana yake ni kwamba umati uliokaa mbele ya mchekeshaji hausubiri maneno yake, unayakisia, na utani ni kuukatiza ukisiaji huo kwa wakati wake hasa. Ukiwahi kidogo, hawajafika. Ukichelewa kidogo, wameshapita. Mwanasaikolojia Robert Provine naye aligundua kwamba mtu hucheka kama mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba vicheko vingi hufuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya “haya, tutaonana”. Basi mtu anaporudi na vichekesho vyake vyote vikiwa salama kichwani, amerudi na ile sehemu iliyokuwa na uzito mdogo. Tena hata hiyo imechacha: nauli ya taksi-basi aliyoifanyia mzaha imepanda, bei ya gunia la unga wa bukari imekuwa msiba badala ya utani, na gavana aliyemwigiza mwendo ameondoka na mwendo wake.

Kuna atakayenipinga kwa kundi la Mufwankolo, lililochekesha mji huu kwa Kiswahili chake redioni, kwenye televisheni na jukwaani kwa miaka mingi. Je, ustadi ule haukuwa wao? Ulikuwa wao, lakini hawakuuweka kwenye karatasi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu, wakatunga igizo zima, wakabishana na kufanya mazoezi, kila mwigizaji akijitafutia maneno ndani ya mpango waliokubaliana, kisha wakaliigiza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Fabian alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1990. Kitabu kinatuonyesha walivyofanya. Hakiwezi kumfanyia mtu mazoezi. Kundi lisilo na maandishi likinyamaza, halina droo ya kufungua.

Mwingine atasema siku hizi mchekeshaji hapotei, yuko kwenye simu. Yuko kweli. Lakini simu haimkatizi, haimtazami kwa macho ya mama wa mtaa wa Katuba aliyeacha biashara yake ili aje kuchekeshwa, na video iliyokataa kuchekesha hufutwa kimya kimya. Janga la korona lilitufundisha hili: mikusanyiko ilipigwa marufuku Machi 2020, na Desemba ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku, saa ambayo utani huwa ndiyo kwanza unapata joto. Video zilikuwepo muda wote huo; waliokaa kwenye viti hawakuwepo.

Dawa, kwa hoja yangu, ni maonyesho mengi madogo, mabaya, ya karibu karibu, mahali watu walipozoea kukaa pamoja. Hapo ndipo mzaha unaponiishia. Ukumbi wa tamthilia wa mji huu ulijengwa katika miaka ya 1950 kwa michoro ya Claude Strebelle na wenzake, kwa ajili ya watu kutazama na kusikia. Leo unaitwa Jengo la 30 Juni na ndani yake wameketi wabunge wa jimbo. Wachekeshaji wanaambiwa wajitafutie baa, au waiombe parokia ukumbi baada ya mazoezi ya kwaya. Watanijibu kwamba bunge nalo lazima likae mahali. Sawa, lakini kikao kinaweza kufanyika popote penye meza na kipaza sauti, na mheshimiwa akisema neno ukumbi ukanyamaza, kumbukumbu za kikao zitaandika kwamba amesikilizwa kwa makini.