Mtemi Fisi na Hesabu ya Mioto

Enzi za misafara ya pembe, katika nyika ya Ziba, alitawala Mtemi Fisi. Alipotakiwa kutoa wapagazi wa kufikisha mizigo Tabora, hakwenda kuwatazama watu wake, bali alimwita Bundi, ndege asiyekaribishwa na mtu, akamwambia, “Wewe waona gizani. Nihesabie mioto iliyofichika, nijue palipo na uzazi.”

Bundi akaruka usiku kucha, akarudi, akainama. “Mtemi wangu, mioto ni mingi, ila si yote ya vijana. Huko juu mbinguni, nyota zilizo majitu huzaliwa mapacha na huishi miaka milioni chache tu. Mmoja akifa, maiti yake humnyonya nduguye aliye hai, na kinachonyonywa huwaka eksirei kabla ya kumezwa. Moto huo watangaza uzazi, kwani wenyewe hawaishi hadi uzee. Lakini zipo maiti kongwe zinazomguguna jirani mdogo kwa miaka mabilioni, katika miji ya nyota ambako kilio cha mtoto kimesahaulika. Nazo huwaka vilevile.”

Bundi hakuyazua hayo. Hewa yetu huizuia miali hiyo isifike ardhini, na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili yake tu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ikaitwa Uhuru, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

“Basi,” akaendelea Bundi, “pima kwanza uzito wa wazee katika kila kijiji, ukadirie kwa huo mioto yao, uitoe, na itakayobaki ndiyo ya uzazi.”

“Utoe?” akanguruma Mtemi. “Katika baraza langu hakuna kutoa, ni kujumlisha!” Wanyapara wakapiga vigelegele, Kasuku akaitangaza nchi kuwa haijapata kung’aa namna ile, ngoma zikalia siku saba, na Mtemi akavishwa jina la Baba wa Uzazi. Kijiji kilichong’aa kuliko vyote, chenye makaburi mengi kuliko vitanda vya watoto, kikaandikiwa wapagazi wengi kuliko vyote.

Msafara ulipofika kuwachukua, walitoka vikongwe wenye mikongojo, mmoja baada ya mwingine, wakajipanga mbele ya pembe. Wanyapara wakaanza kuwagawia mizigo.