Feni Moja, Wenye Joto Wengi

Wengi wanaopima feni na hitisinki za kompyuta na kututangazia matokeo wako Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 21. Nimewaona kwenye video zao: wamevaa sweta. Mtu wa sweta anakuambia kwamba prosesa yake, ikipigishwa kazi kwa nguvu zote, haivuki nyuzi 65. Wewe uko Tandika, mwezi wa Februari, shati umelivua tangu asubuhi, bati juu linalia ta! ta! kwa jua, na chumba chako kimeshafika nyuzi 34 kabla hujawasha chochote. Hapo fizikia haina udugu na mtu. Kifaa cha kupoza kwa upepo, hata kikiwa cha dhahabu, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kwa hiyo namba ya mwenye sweta ichukue, uiongezee 13, ndipo upate ya kwako. Ukipenda ongeza na mbili za vumbi.

Kompyuta yangu ni mtumba wa ofisini. Huko ilikotoka iliandika barua na kuchapa ankara maisha yake yote, ndani ya jengo lenye kiyoyozi, kisha ikapandishwa meli na kuja kukabidhiwa kazi ya kuhariri video za harusi. Prosesa yake ni ya mwaka 2012, ina viini vinne, na kiwandani imekadiriwa wati 77. Wati 77 zinaonekana chache mpaka ukumbuke ile balbu ya zamani ya wati 75, ambayo ukiigusa ikiwa inawaka unaiachia ngozi. Sasa joto hilo lote litoke kwenye kipande cha silikoni kisichofika sentimita mbili za mraba.

Wasioijua kazi ya harusi hudhani ni kukata na kuunganisha. Kazi yenyewe hasa ni kungoja. Ukishapanga picha, ukaweka muziki, ukamwondoa yule mjomba anayepita mbele ya kamera kila anapopita, unaiamuru kompyuta itoe video nzima. Hapo viini vyote vinne vinashika kazi kwa saa kadhaa bila kupumua. Ya kwangu ilikuwa inakwenda vizuri kanisani, inakwenda vizuri kwenye maandamano ya magari, inaingia ukumbini kwa heshima zote, halafu ikifika kwenye ndafu inazima. Si kukwama. Kuzima kabisa, pu!

Aliyegharamia ndafu alikuwa shangazi wa bwana harusi, na shangazi huyo alikuwa na namba yangu ya simu. Nilimweleza kwamba prosesa ina kipimajoto ndani yake. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda inakata umeme ili isiungue. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mbuzi wangu ndiye mwenye joto?" Nikasema hapana shangazi, ni kwamba mbuzi ameangukia pale ambapo joto linakuwa limeshajikusanya. Sidhani kama aliniamini. Nilisikia baadaye kwamba kwenye kundi la familia limeanza neno kuhusu aliyemchagua yule mbuzi.

Hata hivyo, kompyuta inayojizima ina adabu. Mwaka 2001 wapimaji wa tovuti ya Tom's Hardware walirekodi video wakiing'oa hitisinki huku prosesa zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kujikongoja. Athlon ya wakati ule ilitoa moshi na kufa papo hapo. Ningekuwa na ile Athlon, leo shangazi angekuwa anazungumza na mwanasheria.

Habari ilipoenea mtaani, ilionekana kwamba Tandika nzima ina elimu ya joto. Mzee wa nyumba ya pili alishauri kitambaa kilicholowa, kwa hoja kwamba maji ya mtungi hupoa bila umeme. Ni kweli hupoa, kwa sababu maji yanapenya vinyweleo vya udongo na kukauka kwa nje, lakini hewa ya Pwani yenyewe imeshiba maji na haina haraka ya kukausha kitu, achilia mbali suala la maji na waya za umeme kukaa nyumba moja. Kijana wa chuo alileta habari ya dawa ya meno badala ya ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki. Hiyo nayo ina ukweli wake: ikiwa mbichi inapitisha joto vizuri tu. Tatizo ni kwamba joto lile lile linaikausha upesi, na ikishakauka inabaki chaki. Unabaki na prosesa yenye joto na meno safi.

Mama mkwe hakutoa ushauri. Alikuwa amekuja kutoka Muheza kumwona mjukuu, na aliweka kiganja chake juu ya kasha la kompyuta kwa namna ile ile anavyomwekea Salma kwenye paji la uso.

"Baba Salma, hiki chombo kina homa."

"Ndiyo, mama. Ni kazi nyingi."

"Na vumbi," akasema, akiwa ameshafika kwenye chanzo kabla yangu. Jioni ile nikakuta kasha limevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya pinki pembeni, kikubwa cha kushuka mpaka nyuma, kimeziba matundu yote ya hewa. Alikifuma mwenyewe. Televisheni ilikuwa nacho, friji lilikuwa nacho, makochi yalikuwa navyo. Kompyuta ndiyo peke yake iliyokuwa uchi ndani ya nyumba hiyo, na mkwe aliona aibu kwa niaba yetu.

Hebu niambie wewe, unakitoaje kitambaa cha mama mkwe? Nilikuwa nakivua usiku akilala na kukirudisha alfajiri. Kwa hiyo kompyuta ilifanya kazi zamu ya usiku, na mimi nayo.

Vumbi lakini lilikuwa la kweli. Kituo cha bodaboda cha hapo kwetu kina kijana wa pancha mwenye kompresa ya kujaza hata tairi za malori, naye alikuwa na hamu ya kusaidia. "Lete kaka, dakika moja tu. Mia tano." Kabla sijamaliza kusema kwamba feni inabidi ishikwe kwa kidole isizunguke, alishapuliza. Wingu lililotoka mle lilimhamisha muuza juisi ya miwa, mashine yake na wateja wake. Lilibeba vumbi la miaka, nywele za watu wa Ulaya, mende wawili waliokauka, na mayai ya mjusi aliyejitafutia pembe yenye joto la uhakika. Feni nayo ilizunguka kwa kasi ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuiota, ikitoa mlio wa filimbi, na waendesha bodaboda wakashangilia. "Umeona?" akasema kijana. "Imeamka!" Iliamka, ndiyo, ila beringi yake ilikuwa imesalimu amri, na tangu hapo ikawa inakoroma. Hewa ya kompresa vilevile huja na matone ya maji na mafuta, jambo ambalo tairi halijali. Anayetaka kutoa vumbi kwa bei ndogo achukue brashi ya kupakia rangi, mpya na kavu, ashike feni kwa kidole, afanye taratibu nje ya nyumba. Mende wanatoka vilevile.

Joto lilishuka kidogo, halikutosha kumvusha mbuzi. Ndipo nikaingia katika zama za feni ya mezani.

Nyumba yetu ina pangaboi moja sebuleni, lenye kasi moja tu, ile ya kufikiria, na feni moja ya mezani inayofuata watu. Nilifungua ubavu wa kasha, nikaielekezea feni ndani, na kipimo kikashuka nyuzi 11 hapo hapo. Kwa mtu mwenye bajeti yangu hiyo ni dawa kamili: hainunuliwi, haisubiriwi, haihitaji fundi. Gharama yake inaonekana usiku wa manane, pale familia nzima inapokuwa imelala sakafuni ikijipepea kwa vifuniko vya ndoo, na upepo wote wa nyumba unampulizia mbuzi wa watu. Mama Salma aliuliza kama kompyuta ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Nikamjibu kwamba kwa namna fulani, ndiyo. Haikuwa saa nzuri ya kusema ukweli. Yuniti za LUKU nazo zilikuwa zinapungua huku wote tunaziangalia.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa huruma, kisha akashusha boksi lenye picha ya barafu. "Bosi wangu, joto la Dar dawa yake ni maji." Mfumo wa kupoza kwa maji ni mzuri, sina ugomvi nao: maji yanabeba joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta. Ila rejeta nayo inapozwa na feni, na feni hizo zinavuta hewa ile ile ya nyuzi 34, kwa hiyo barafu ya kwenye boksi inabaki kwenye boksi. Bei yake ilizidi ya kompyuta yangu nzima, pamoja na mayai ya mjusi. Nikatoka na kibomba kidogo cha pesti cha shilingi 5,000 na feni ya mtumba ya milimita 120 ya shilingi 8,000.

Pesti ndiyo siri ya jambo lote hili, na ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Uso wa prosesa na uso wa hitisinki, hata viking'aa vipi, vikigusana vinaacha mianya midogo isiyoonekana kwa macho, na mianya hiyo imejaa hewa. Shaba hupitisha joto takriban mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo, basi. Yenyewe haipitishi joto sana. Hata iliyo nzuri haifiki sehemu ya ishirini ya shaba. Ndiyo maana inatakiwa kidogo tu, kiasi cha punje ya mbaazi, halafu uiache hitisinki iikandamize yenyewe. Ukiizidisha umejenga ukuta pale ulipotaka mlango. Nilipofungua hitisinki nikakuta pesti ya zamani imegeuka unga wa kijivu. Nikaifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, nikaweka punje yangu. Jirani fundi redio, aliyekuwa amesimama begani kwangu akisimamia, aliumia moyo: "Kaka, hiyo kidogo! Umenunua kibomba kizima, unakihurumia nini?" Kazi ikaisha kwa kukaza skrubu kwa mkato, moja huku na ya pili upande wa pili, kidogo kidogo, huku bisibisi nikiwa nimemnyang'anya.

Feni ya mtumba niliifunga nyuma kwa kamba za plastiki, ielekee nje, itoe hewa moto. Hapo uangalie mshale uliochorwa ubavuni. Ukiifunga kinyume, inagombana na feni ya prosesa na zote mbili zinapoteza.

Dawa ya mwisho haikuuzwa Kariakoo wala popote. Ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme, kuna mahali pa kuweka ukomo wa nguvu ya prosesa. Ukiutoa kwenye asilimia 100 ukauweka 99, prosesa za aina ya kwangu huacha kukimbia kupita kasi yake ya kawaida. Ya kwangu ikashuka kutoka gigahezi 3.6 hadi 3.2. Umepoteza sehemu moja kati ya tisa ya kasi, lakini joto linashuka zaidi ya hapo, kwa sababu kasi ikipungua volti nazo hupungua. Ni asilimia moja tu kwenye kioo, na ni bure. Kati ya yote yaliyofanyika hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lililowaudhi washauri wote wa mtaani, maana hakuna cha kupuliza wala cha kupaka.

Kipimo ambacho kilikuwa kinagusa 98 kikakomea 74. Ubavu wa kasha ukafungwa. Mbuzi akapita, akakatwa, akalishwa, wageni wakacheza mpaka mwisho. Shangazi alipoipata video aliitazama yote na kunipigia kulalamika kwamba sehemu ya ndafu ni fupi.

Mama mkwe naye alikuwa anafunga mizigo ya kurudi Muheza. Aligusa kasha kwa kiganja, akaridhika, akakitoa kitambaa mwenyewe akakihamishia juu ya redio. Kisha akaichomoa feni ya mezani ukutani na kuanza kuizungushia khanga.

"Chombo si kimepona, baba?"

"Kimepona, mama."

"Basi hii naenda nayo. Kule kwetu joto."

Niliibeba mwenyewe hadi kwenye basi, maana ndivyo inavyotakiwa. Kesho yake nilikuwa Kariakoo kwa kijana yule yule, nikaulizia feni.

"Ya kompyuta au ya mtu?"

"Ya mtu."

"Bosi wangu, za kompyuta ninazo mpaka za taa. Za watu ziliisha tangu Januari."