Shajara ya Wiki ya Nane Nane

Agosti 1
Skripti ya Bash inayotoa ripoti ya mwezi ya chama chetu cha akiba na mikopo imegoma asubuhi. Tangu Januari hadi Julai haikusumbua. Leo imeikataa 08. Chanzo ni sifuri ya mbele: katika mahesabu ya Bash, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa kizio cha nane, na tarakimu za kizio hicho huishia 7. Kwa hiyo 01 mpaka 07 hupita, 08 na 09 hukwama. Oktoba, mwezi wa 10, skripti ingefufuka yenyewe na watu wangesahau. Hitilafu ya namna hii huzeeka ofisini bila kushikwa. Dawa ni kuandika 10#$mwezi, ili Bash ihesabu kwa kumi. Ripoti imetoka mchana.

Agosti 3
Wanachama wamempigia mhasibu kabla hajaoga. Ujumbe wa kukumbusha marejesho uliwafikia saa 11 alfajiri. Aliyeipanga kazi hiyo kwenye cron aliandika 2, akikusudia saa 2 asubuhi kama tunavyosema sote. Lakini cron huanza kuhesabu usiku wa manane, na seva yetu hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ili ujumbe utoke saa 2 asubuhi ya Dar es Salaam, cron yetu inatakiwa kuandikiwa 5.

"Kaka, hiyo tano ni ya mchana au ya usiku?" mhasibu ameuliza.

Nimemchorea jedwali la saa zote tatu: yetu, ya UTC na ya cron. Amelibandika ukutani.

Agosti 4
Umeme umekatika kutwa.

Agosti 5
Leo awk. Imekuwapo tangu 1977, kazi ya Aho, Weinberger na Kernighan wa Bell Labs, na bado naipenda kuliko zana zangu nyingine: mstari mmoja wa amri hujumlisha safu nzima ya fedha. Faili la CSV lina safu nne: jina, anwani, simu, akiba. Jumla ya akiba imetoka mabilioni, na chama chetu hakina mabilioni. Baadhi ya anwani zina mkato ndani yake, "Chang'ombe, Temeke", na awk iliyoambiwa igawe kwenye kila mkato huigawa anwani vipande viwili. Safu ya nne inakuwa ya simu. Tumejumlisha namba za simu za watu. Moduli ya csv ya Python inaheshimu alama za kunukuu. Jumla yake imelingana na daftari la mhasibu hadi shilingi ya mwisho.

Agosti 6
Nimetafuta wakazi wa Chang'ombe kwa grep. Bash huiona ritifaa kama mwanzo wa nukuu, hivyo ikaweka alama ya > na kusubiri nukuu ifungwe. Jina likizungushiwa alama mbili za kunukuu, tatizo huisha. Baya zaidi limo ndani ya faili lenyewe: Changombe, Chang ombe, Chang’ombe yenye ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Makarani waliondoa ritifaa kwa sababu fomu za mtandaoni ziliikataa. Hili linaniuma. Ng' ni sauti yetu, imo katika Ng'ambo ya Unguja na Mang'ula ya Kilombero, na fomu isiyoipokea haijakamilika.

Agosti 7
Faili limerudi kutoka tawini likiwa limepitia Excel. Kila namba ya simu imepoteza sifuri ya mwanzo. Mwaka 2020 wanasayansi walibadili rasmi majina ya baadhi ya jeni za binadamu, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wao waliweza. Sisi hatuwezi kuwabadilishia wanachama namba, wala kuwanyang'anya ritifaa ya majina yao. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, ni maandishi. Wewe unayetunza orodha ya watu, iwe ya kikoba, ya msikiti au ya shule, iteue safu ya simu kuwa ya maandishi kabla hujaingiza mtu wa kwanza, na jina liandike kama mwenyewe anavyoliandika.