Sanduku Sebuleni, Spana Ndooni: Waraka kutoka Brussels

Kwa jamaa wote wa Mabalako, pamoja na wale wa Beni na Butembo, huko mashariki mwa Kongo, watakaosomewa:

Kupaka rangi upya sanduku la zana, yaani lile kasha la chuma lenye droo ambamo fundi huhifadhi spana na koleo, ni shughuli ambayo huku Ubelgiji huendeshwa kama posa, kwa kuwa rangi yenyewe, iliyo bibi harusi, huletwa mwisho. Kwanza mafuta ya injini huoshwa kwa sabuni, kazi ambayo sabuni ya mawese ya Beni ingeimudu, kwani msasa ukitangulia huyasukumia mafuta hayo ndani ya mikwaruzo na rangi ikakosa pa kushika. Msasa nao una namba zake: wa 80 hung'oa kutu, wa 240 hulainisha, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ukali unavyopungua, jambo ambalo hakuna mkwe anayepandishiwa mahari atakayelikubali.

Hufuata praima, ambayo ni rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta kwa tabaka nyembamba, maana tabaka nene huchuruzika, hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Hapo ndipo mhamiaji aliyezaliwa karibu na ikweta hukwama, kwa sababu rangi nyingi za aina hiyo hutaka joto lisilopungua nyuzi 10, ilhali Januari ya Brussels huzunguka nyuzi 3 au 4. Sanduku huingizwa sebuleni. Harufu ya tineri, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, huwalazimisha wenye nyumba kufungua madirisha. Baridi huingia, na rangi hugoma tena. Jamaa wenye jua la bure wasilidharau.

Ifahamike pia kwamba kukauka si kukomaa: rangi iliyokauka hainati kidoleni, lakini iliyokomaa imeshaungana na oksijeni ya hewani hadi ikawa ngumu, na hilo huweza kuchukua wiki kadhaa. Muda huo wote spana hukaa katika ndoo ya plastiki, na hata baadaye mwenye sanduku husita, kwani chuma kinachong'aa hivyo humtia mtu haya kukitupia nyundo. Nyumbani wakiomba picha ya maendeleo ya ughaibuni, hutumiwa ya sanduku, ndoo ikiwa imesukumwa kando.