Ploti Yenye Kambare

Nimebakisha miaka miwili kustaafu, na nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba Jumamosi ni siku ya kulala. Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi nikajikuta chini ya mwembe hapa Kulesa, Tana River, chaki mkononi, ubao umeegemezwa kwenye pikipiki ya mtu, nawafundisha vijana 17 namna ya kununua nyumba ya kwanza.

Msiniulize nilifikaje. Mwenyekiti wa kikundi chao alisikia redioni kwamba vijana wanatapeliwa kwenye ardhi kwa kukosa elimu, basi akatafuta mtaalamu. Benki ziko mbali. Mawakili huonekana Garsen siku za kesi, nao salamu tu ni pesa. Akabaki mwalimu, maana mwalimu huku kwetu ni kama punda wa kijiji: kila mwenye mzigo humwona yeye kwanza.

Nikitoka nyumbani mke wangu aliniambia, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipeta, "Waanzie na habari ya kambare."

Nikajifanya sikusikia.

Nilianza na mkopo wa benki, kwa kuwa ndipo wanapoanzia wataalamu wote. Nikaandika ubaoni: mkopo shilingi milioni 3, riba asilimia 14 kwa mwaka, muda miaka 20. Nikakokotoa mbele yao kwa madaha, nikapata shilingi 37,300 hivi kila mwezi. Msichana wa kibanda cha M-Pesa akazidisha kwa miezi 240 kabla sijafuta chaki vidoleni.

"Mwalimu, hii inakaribia milioni 9."

"Sawasawa."

"Kwa hiyo unalipia nyumba tatu unakaa kwenye moja. Hizo mbili anakaa nani?"

Nikasema hilo ni swali zuri, tutalirudia. Walimu wenzangu mnaijua hiyo sentensi.

Niliwaeleza kwamba katika Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba iliyoko kwenye mabenki ni kama 30,000 tu. Nilitaka waone kwamba wasiokopa ni wengi, wasijisikie vibaya. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza benki inataka nini hasa. Nikamwambia inataka pesilipu. Akainua helmeti yake. "Yangu ndiyo hii. Imepasuka hapa upande wa kushoto, lakini inaonyesha mwaka nilioanza kazi."

Basi wakanigeukia mimi mwenye pesilipu, wakitaka kujua imeninunulia nini. Nikawaambia ukweli: mimi ni mjenzi. Tangu Julai 2023 nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Novemba mwaka huo mahakama ikasema tozo ile haifuati Katiba, nikashukuru. Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, nikarudi kazini. Kwa hesabu zangu hadi leo nimeshajenga kizingiti cha mlango na robo ya choo. Sijui viko mji gani wala ghorofa ya ngapi. Aliyebahatika kukaa humo naomba asifunge mlango kwa nguvu.

Sisi Wapokomo, lakini, tuna mkono wa kutoa. Lahani ya wimbo wa taifa ilitoka kwenye wimbo wa mama zetu wa kumbembeleza mtoto, tukaikabidhi Kenya mwaka 1963, na hatukudai hata ushuru wa stempu.

Huo ushuru nao nikaufundisha: ardhi ya mjini unalipa asilimia 4 ya thamani, ya mashambani asilimia 2. Wakabishana robo saa kama Kulesa ni mji au shamba. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na jembe akaamua kesi bila kusimama: kodi ikija ni mji, umeme ukija ni shamba.

Nikaingia kwenye hatimiliki. Hapa nilikuwa nimejiandaa, na sauti nikaipandisha. Usimpe mtu senti kabla ya sachi! Hati unaweza kuonyeshwa nzuri, ina muhuri, imelazwa ndani ya plastiki kama maiti ya mtu wa heshima, kumbe ukiipeleka kwenye msajili wa ardhi unakuta ina rehani ya benki, au ina zuio la ndugu, au nambari ile ni ya ploti ya mtu mwingine kabisa. Kama ni shamba, lazima idhini ya bodi ya ardhi, na iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauziano yanakufa yenyewe. Kama muuzaji ana mke, mke akubali. Nikagonga ubao. Ubao ukaangusha pikipiki.

Tulipomaliza kuinyanyua, kijana aliyekuwa amekaa kwenye mzizi akauliza, kwa upole ule unaomtisha mwalimu, "Mwalimu, hati ya nyumba yako ni nambari gani?"

Jamani.

Nyumba yangu ya Kulesa haina hati. Yake haina. Ya mwenyekiti haina. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ardhi ya jamii, na tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu, nayo haina ruhusa ya kuiuza. Anayekuuzia kipande chake kwa karatasi yenye sahihi tatu na dole gumba moja amekuuzia hadithi. Tuna hati za aina nyingine. Mwembe ni hati. Kaburi la babu ni hati. Wazee wa Gasa, baraza letu, wakikumbuka kwamba baba yako alilima kutoka kisiki hiki mpaka kwenye kile kichaka, hiyo ni sachi, na huilipii kwa simu ila kwa kukaa mkao wa heshima saa nne nzima ukisikiliza habari za ukoo ambazo hukuziuliza.

"Mwembe huu aliupanda babu yangu," akasema yule wa kwenye mzizi. "Basi darasa liko kwetu. Nani analipa kodi?"

Tukamlipa kwa kumpa kiti.

Nikataka kuwafariji kwa habari za Mombasa, ambako watu wameuziana nyumba bila ardhi miaka nenda miaka rudi: kuta zako, udongo wa mwingine, na kila mwezi unalipia huo udongo. Hawakufarijika. Dada mmoja aliyerudi Saudia juzijuzi akasema yeye angefurahi hata kwa hizo kuta. Alituma pesa miaka minne kwa kaka yake amjengee. Kila baada ya miezi kadhaa aliletewa picha: msingi, kisha ukuta wa futi tatu, kisha linta. Alikuwa akiwaonyesha wenzake jikoni kwa mwajiri wake. Aliporudi akakuta jengo limekamilika kweli, zuri, la rangi ya samawati, na juu ya mlango pameandikwa kwamba ni zahanati. Kaka yake alishatibiwa malaria humo mara mbili.

Tulicheka, naye akacheka, kisha tukaacha kucheka kwa wakati mmoja. Nikaandika ubaoni: PICHA SI NYUMBA. Ndiyo sentensi pekee waliyoinakili wote.

Wakati huo mke wangu akafika na birika la chai. Akamimina, akasoma ubao wote kuanzia juu, akauliza darasa, "Amewaeleza ya kambare?"

Hakuna aliyegusa kikombe. Ikabidi.

Ilikuwa Januari 2018, kiangazi. Nilikuwa nimepata vijisenti vya chama nikaamua nami niwe mtu wa ploti, karibu na Garsen, nikistaafu nifungue duka la vifaa. Dalali alinipeleka mwenyewe. Vumbi lilikuwa jingi hata viatu vyake vyeusi vikageuka vyeupe, na hilo vumbi ndilo lililonimaliza: penye vumbi namna ile nani angewaza maji? Ploti ilikuwa tambarare kama meza. Palikuwa na migunga mitatu ya kivuli. Na kwenye matawi ya migunga ile, juu kidogo ya kichwa changu, palikuwa na mafungu ya nyasi kavu, yamesokotana, yote yameelekea upande mmoja, na katika fungu moja nikaona ndara ya plastiki ya mtoto.

Nikauliza, "Hivi ni viota?"

Dalali akatazama juu. "Ndege wengi sana hapa, Mwalimu. Ni mahali pa baraka."

Mimi, mtoto wa Tana, niliyezaliwa nasikia mto kabla ya kusikia jina langu, nikakubali kwamba ndege amevaa ndara. Tukaandikiana mkataba papo hapo, kwenye ukurasa niliouchomoa katika daftari la mwanafunzi wangu. Nyuma yake kuna jedwali la saba. Sachi sikufanya. Mke sikumwuliza. Arbuni nikatoa, salio nikamalizia Machi, msingi nikauchimba mwezi huohuo.

Aprili mvua zikafungua kule milimani, na Mei nilikwenda kuitazama ploti yangu kwa mtumbwi. Mpiga kasia akaniomba nimwonyeshe mipaka, maana hakutaka kuegesha kwa watu bila ruhusa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na migunga mitatu imebaki vichwa tu, inaokota nyasi mpya. Nikachungulia penye msingi wangu. Mahali nilipokusudia kuweka kaunta, kambare mkubwa mwenye masharubu alipita polepole, akageuka, akanitazama kama mwenye duka anavyomtazama mteja asiye na pesa.

"Huyo ndiye tuliyemnunulia kiwanja," mke wangu akawaambia vijana, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hata havijanywewa.

Nikafuta ubao wote.

Kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nafundisha nyumba za watu wengine. Katika vitabu vya ardhi mto ni mstari wa buluu pembeni mwa ramani. Kanuni zinasema usijenge ndani ya mita 6 hadi 30 za ukingo, zikipimwa kutoka pale maji yalipowahi kufika yakiwa juu kabisa. Savea akija Kulesa na kanuni hiyo atatembea na utepe wake, atembee, atembee, aombe maji ya kunywa, aendelee kutembea. Tana ni mto wa kilomita 1,000 hivi, na wa kwetu ni mwisho wake. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya huko juu yanajaa, redio inatangaza kwamba Masinga inafurika na wakazi wa chini wahadhari. Wakazi wa chini ni sisi. Wengine wakisikia taarifa hiyo hubadili stesheni. Sisi tunapandisha godoro darini.

Na kila mafuriko, iwe 1997, iwe Novemba 2023, iwe 2024, huja mkubwa fulani na koti la mvua atuambie tuhamie nyanda za juu. Tunamsikia. Lakini mpunga hauoti kwenye nyanda za juu, na embe zetu zinanenepa kwa tope lilelile linaloingia jikoni. Kisha huko juu nako kuna wenyewe: wafugaji na ng'ombe wao, ambao hawajawahi kutuomba ushauri wa nyumba, na ambao huteremka kwetu malisho yakikauka kama sisi tunavyopanda kwao mto ukijaa. Kipande cha huko hakipatikani kwa dalali mwenye viatu. Kinapatikana kwa wazee wa pande mbili kukaa, na wakikaa, pelekeni sukari.

Kwa hiyo niliwaambia vijana, na mke wangu alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane: Kulesa mtu huanza na nyumba ya pili. Ile ya mtoni unayo tayari, ya udongo na fito, au ya mabati kama mambo yamenyooka, iko kwenu, haiuzwi, na maji yakiibeba utaisimamisha tena. Pesa ya kwanza unayoiweka, iwe ya boda, ya M-Pesa au ya Saudia, iweke kwa ajili ya chumba kimoja mahali ambapo mtumbwi hauwezi kufika. Huko ndiko utakapotaka hati, sachi, idhini, wakili, na hayo yote niliyoyafuta.

Kijana wa helmeti akauliza utajuaje mahali mtumbwi haufiki. Nikamwambia tutazame miti. Tukainuka wote, tukazunguka mwembe tuliokuwa tumekaa chini yake tangu asubuhi. Nyasi kavu zilikuwepo kwenye matawi, juu ya mkono wangu ulionyooshwa, zimesokotana, zote zimeelekea baharini. Saa tatu nzima hakuna aliyekuwa ameziona. Mwenye mwembe akasema hizo ni viota, na wote wakanicheka mimi.

Darasa la pili ni Jumamosi hii, na usingizi wangu ndio huo umekwenda. Hati msilete. Leteni kamba ya mita 50, panga la kutilia alama, na mzee yeyote aliyeyaona mafuriko ya 1961 na bado anaweza kutembea. Akishindwa kutembea, mwenye pikipiki ambebe. Mafuta nitalipa mimi.