Kuvuja kwa Adabu

Washairi wamesifu mwezi, ng'ombe na wake za watu. Mlima Kenya umesifiwa hata na wasiowahi kuuona, maana sisi wa Karatina wenyewe huuona asubuhi mapema, kisha unavaa buibui mpaka kesho. Mimi nimekuja kusifu pakingi.

Pakingi ni kamba. Ukiiona dukani imejikunja kwenye rafu, nyeusi, imelowa grisi na ule unga wa penseli uitwao grafaiti, utadhani ni utambi wa jiko la mafuta uliookotwa matopeni. Hukatwa vipande, vipande hukunjwa kuwa pete, na pete hushindiliwa ndani ya kikombe cha chuma pale shafti inapotoka tumboni mwa pampu kwenda kukutana na mota. Kikombe hicho na kifuniko chake mafundi hukiita glandi. Shafti inazunguka kiasi cha mara 1,450 kwa dakika, maji yanasukuma kutoka ndani, na kamba yetu imeajiriwa kuyazuia yasitoke. Kazi hiyo haijawahi kuimaliza. Huvuja ikiwa mpya, huvuja ikiwa nzee, huvuja mbele ya wageni. Ndipo ulipo utukufu wake.

Maana kamba inayobana chuma kinachozunguka ni kama kiganja kinachoshika kamba ya ng'ombe aliyekurupuka: lazima kiungue. Kinachoiokoa ni lile tone. Linapita kati ya pete na shafti, linalainisha, linabeba joto, linatoka nje na kudondoka sakafuni. Kwa pampu ya kawaida mafundi hutaka matone 40 hadi 60 kwa dakika. Yakizidi, unapoteza maji. Yakikoma, unapoteza pampu. Sijui mtumishi mwingine yeyote katika Kaunti ya Nyeri ambaye hasara yake imepimwa kwa dakika, ikakubaliwa, na bado akaitwa mwaminifu.

Nililelewa hatua chache kutoka kiwanda cha kahawa kando ya mto Ragati. Pampu ya kiwanda ilivuta maji mtoni na kuyapandisha tangini, na kutoka tangini yakaenda kwenye mashine ya kumenya, kwenye matangi ya kuchachusha, kwenye mifereji ya kuoshea buni. Aliyeitunza alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye tulimwita Fundi tu, kana kwamba mamake alimpa jina hilo. Fundi hakuwa na saa ya mkononi. Alikaa juu ya debe karibu na glandi, akasikiliza matone yakianguka, na akajua mashine ina afya au la. Kwa kuwa alikuwa mtu wa Mathira na hakupenda kitu kipotee, alichimba kijitaro kutoka sakafuni hadi nyuma ya banda, na hapo akapanda nduma. Wenzake walingoja mvua ya Machi. Nduma za Fundi zilinyeshewa na pakingi mwaka mzima, zikatoa majani mapana kama masikio ya tembo.

Hapa niseme jambo la ushirika, halafu nirudi kwenye kamba. Mkulima wa kahawa wa milima yetu anajua kuvuja kuliko fundi yeyote. Kilo zake hupimwa kwenye mizani, huandikwa kitabuni, kisha huanza safari ndefu ya kukobolewa, kupangwa madaraja, kupigwa mnada Nairobi, kukatwa hiki na kukatwa kile, na pesa zinapofika mkononi zimekonda kama mtu aliyetoka hospitali. Zilivujia wapi? Hakuna sakafu yenye unyevu. Hakuna nduma iliyoota. Ndiyo maana naiheshimu pakingi: inavuja mahali pamoja, hadharani, na kiasi chake unaweza kukihesabu kwa vidole.

Basi ukaja uchaguzi wa ushirika, na mwenyekiti mpya akashinda kwa ahadi moja: kuziba mianya. Siku ya pili alikagua kiwanda. Mianya mingine ilikuwa ofisini ndani ya makabati yenye kufuli, lakini huu wa pampu ulikuwa wazi, unametameta juani. Akasimama mbele yake na viatu vyake vya ngozi.

"Mzee, haya maji ni ya wanachama."

"Ni ya mto, Mwenyekiti. Wanachama wanayaazima tu."

"Kaza hiyo kitu."

"Ikikazwa itaungua."

"Maji yataunguaje?"

Fundi hakujibu. Alifuta spana kwa kitambaa, akaiweka chini polepole, akaenda kuangalia nduma zake. Kijana mmoja mwenye misuli akaiokota na kuzungusha nati zote mbili mpaka sakafu ikakauka. Mwenyekiti alipigiwa makofi. Ilikuwa Novemba, kilele cha msimu, na foleni ya magunia ilifika barabarani.

Saa nne za usiku tulisikia harufu ya nywele zilizoungua. Pampu ilisimama. Walipoifungua, pete zilikuwa ngumu kama makaa, na shafti yenyewe imebadilika rangi ikawa bluu, imechimbwa mitaro unayoweza kuisikia kwa ukucha. Kahawa mbivu haingoji kikao cha dharura. Inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa. Ikilala kwenye rundo inapata joto, inaanza kuchacha na ganda lake, na ubora unakwenda. Kufikia asubuhi kiwanda kizima kilinuka kama pombe ya muratina. Wanawake waliobeba magunia mgongoni kutoka mashamba ya mbali walisimama wakitazama rundo jekundu likigeuka kahawia. Mmoja alicheka, kicheko kile ambacho si cha furaha.

Shafti ilipelekwa mjini ikajazwa kwa welding na kukerezwa upya. Kisha Fundi akaitwa, na ndiyo siku niliyojifunza adabu za pakingi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika tochi. Kwanza uondoe pete kuukuu zote, hata ile ya mwisho iliyojificha ndani kabisa. Chombo chake kilikuwa spoku ya baiskeli aliyoichomelea skrubu ya mbao kwenye ncha, aipenyeze, aizungushe, avute. Kuongeza pete mpya juu ya kuukuu alikuita kumvika maiti suti. Kisha akaviringisha kamba mpya juu ya bomba lenye unene sawa na shafti, akaikata mshazari kwa kisu kikali ili ncha zilaliane. Maungio hayafai kufuatana, la sivyo maji yatapata barabara iliyonyooka. Pete ya kwanza mkato wake uwe saa sita, ya pili saa tisa, ya tatu saa kumi na mbili, ya nne saa tatu. Mwongozo wa Kiingereza uliogongomewa ukutani ulianza na saa kumi na mbili. Fundi alianza na saa sita, kwa sababu ndivyo saa ile inavyoitwa na binadamu. Mshale ni uleule.

Nati alizifunga kwa vidole, bila spana. Pampu ilipowashwa maji yalimwagika kama bomba lililopasuka, na mwenyekiti, aliyekuja safari hii kwa gambuti, akafumba macho. Fundi alingoja robo saa. Akakaza nati moja kwa upande mmoja, sudusi ya mzunguko, na nati ya pili vivyo hivyo. Akangoja tena. Kila mara aliweka kiganja juu ya glandi kama mama anayempima mtoto homa. Ilichukua saa mbili kufika kwenye tone.

Najua zipo sili za kisasa, nyuso mbili za kaboni na kauri zilizosuguliwa zikalingana kiasi kwamba hazidondoshi kitu. Ni safi, ni ghali, na siku zikikata tamaa hazikuagi. Pakingi hulalamika miezi kadhaa kabla ya kufa.

Tone la Fundi likikwepa nduma huingia Ragati, Ragati huingia Sagana, na Sagana ni Tana yenyewe ikiwa bado mtoto. Hupita Masinga na mabwawa yanayofuata, hupita Garissa, hutokea baharini Kipini. Huko linakutana na ndugu ya kamba iliyolitoa. Jahazi la kale lilikuwa na kalafati kwenye maungio ya mbao, pamba iliyolowa mafuta, na maji machache yaliyopenya yalikusanyika ngamani yakafuliwa kwa kata. Ilipokuja injini, mbao za chini zikatobolewa makusudi ili shafti ya rafadha ipite, na kwenye tundu hilo ikawekwa glandi ileile, pakingi ileile, ila imegeuzwa kazi: tone lililotoroka pampu sasa linabisha hodi liingie. Na nahodha mwenye mashua kuukuu huliruhusu, matone machache kwa dakika shafti inapozunguka. Meli kubwa zilijifunza hivyo pia. Za kwanza zenye rafadha zilikula beringi zao za metali haraka mno, mpaka mwaka 1854 mhandisi John Penn wa Greenwich alipopata hataza ya beringi za mti mgumu wa lignum vitae, zinazolainishwa na maji yenyewe ya bahari. Adui akapewa kazi ya kupaka mafuta.

Mwenyekiti alimaliza muhula wake. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka uliofuata, wanachama waliandaliwa chai na nduma zilizochemshwa, laini, za rangi ya zambarau. Alikula vipande vitatu, akauliza nani kalima nduma nzuri hivi wakati wa kiangazi. Fundi alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuisikia pampu. Akamsogezea chumvi.